Farasi Hajanywa Maji

Mashine niliinunua Luthuli, mkono wa pili,
kwa miezi mitatu ya kupanga mitumba Gikomba.
Kitufe kimoja kimelegea
kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.
Vitabu vyote saba nilikuwa nimeshavisoma:
cha tano hakina jalada,
cha sita kina ukurasa ambao mwenyewe wa zamani
alipangusia mafuta ya mandazi.
Ufalme wa Chumvi naujua
kuliko ninavyoijua Pipeline hii tunamolala.

Mama hakusoma hata kimoja.
Hushona sare za shule, chumba hiki hiki,
utepe wa kupimia shingoni, pini mdomoni,
na televisheni huitazama kwa jicho la pembeni
jinsi mtu anavyochunga sufuria ya maziwa.

"Huyo farasi," akasema usiku wa kwanza,
"tangu saa mbili anakimbizwa. Amekunywa maji?"

Mama, ni mchezo.

"Nimeuliza kama amekunywa."

Nikamshukisha shujaa wangu. Sikujua kama inawezekana.
Kile kitufe kilicholegea, nikakibonyeza mara mbili,
farasi akainama kwenye birika la mawe
akanywa, masikio yakicheza.
Kumbe mtu fulani, mahali fulani, kazini kwake,
alikaa akachora koo lile likipanda na kushuka,
akingoja mama yangu aulize.

Tangu hapo tunacheza kwa sheria zake.
Kwa watu hatuingii bila hodi.
Kitufe cha hodi hakuna, basi nasimama mlangoni
nahesabu hadi tatu.
Mlinzi wa lango, yule mwenye maneno mawili tu
atakayoyarudia hadi kiama,
tunamsalimu tukienda na tukirudi,
"maana hata yeye yuko kazini."
Majoka yanachoma miji ya kaskazini.
Sisi tunatafuta kuku wa mjane.

Kitabuni farasi ana jina refu la kifalme.
Mama kampa jina la Mutui, yaani jirani.
Kwao Mwingi walikuwa na punda aliyeitwa hivyo,
akabeba maji hadi mwaka ule mto ulipogeuka mchanga mtupu.
Hilo alilisema mara moja,
na nusu yake ikabaki kwenye pini.

Sasa tuko ukingoni mwa Ashani.
Kitabu cha nne, sura ya kumi na tisa:
shujaa anaingia majini amepanda,
anatoka ng'ambo kwa miguu yake mwenyewe.
Nilikuwa kidato cha pili, naisoma chini ya dawati.
Mwalimu wa kemia akanikuta nalia,
akadhani ni jedwali la elementi.

Kwa hiyo sivuki. Leo siku ya tisa.
Nachuma uyoga. Nauza uyoga.
Nimekuwa tajiri wa uyoga,
na mshale wa dhahabu juu ya kioo
bado unaonyesha ng'ambo, ng'ambo, ng'ambo.

"Mbona hatuvuki?"

Maji mengi, mama.

Akatazama. Maji hayakufika magoti.
Hakusema kitu. Aliuma uzi, ukakatika,
akageuza kola ya mtoto wa watu.

Kisha mita ukutani ikaanza kulia,
sifuri nukta nne, sifuri nukta mbili,
na chumba kikazimika
Mutui akiwa mle ndani, miguu mikavu.

Cherehani ya mama ni ya kukanyaga, haina habari na stima.
Ilikwenda tu gizani, taka taka taka,
kwa mwanga wa dirisha la jengo la pili
ambalo ukinyoosha mkono unaligusa.

"Kesho, Ndunge, nunua tokeni za mia.
Na usinidanganye tena kuhusu maji.
Kama kuna kitu ng'ambo huko
niambie mapema,
asivuke na njaa."